Ulipewa, au ulimeza?

Bibi mmoja wa Siyu, kisiwani Pate, alinifungulia kijaluba chake cha tambuu, nikaona vidonge saba vimelala kando ya popoo na chokaa. Havikuwa vimeguswa. Kwenye daftari ya mhudumu wa afya wa mtaa ule, jina la bibi lilikuwa na tiki mbele yake. Tiki hiyo ilikuwa imeshajumlishwa na nyingine, ikavuka maji hadi Mokowe, ikaingia kwenye hesabu ya kaunti, na kutoka hapo ikapanda kwenda Nairobi. Kwa mujibu wa karatasi, bibi alikuwa ameshakunywa dawa ya matende na mabusha.

“Bibi, dawa ulipewa?”

“Nilipewa mwanangu, kwa mkono huu.”

“Ukazimeza?”

“Hilo aliyezileta hakuniuliza. Siku ile kitwa kilikuwa chaniuma, nikazieka mpaka kipoe. Kisha nikasahau.”

Hakuwa amekataa dawa, wala hakuwa na dhana mbaya nazo. Alikuwa hajisikii vizuri, mhudumu alikuwa na milango mingine arubaini ya kubisha kabla ya magharibi, na maisha yakaendelea. Lakini tangu siku ile, nikisikia mtu anasema “tumewafikia” asilimia kadhaa ya watu, kijaluba kile hunijia machoni.

Nimezaliwa Langoni, hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikitembea nyuma ya miradi ya afya, nyumba kwa nyumba, kuangalia kama kilichoahidiwa ndicho kilichofika. Nimefuata vyandarua, nimefuata chanjo, nimefuata vitabu vya kliniki ya mama na mtoto. Lakini kazi iliyonifundisha zaidi ni ya vidonge vya matende na mabusha, kwa sababu ni mradi ambao juu juu hauna ugumu wowote: mpe kila mtu dawa mara moja kwa mwaka, ameze, basi.

Mimi nilianza kwa kumkasirikia yule mhudumu. Nilikuwa na hojaji mkononi na nyumba saba za mtaa wake zenye vidonge kabatini, na nilijua neno ambalo wasimamizi wangelitumia wakiziona takwimu zangu: udanganyifu. Kabla ya kuandika chochote nikamfuata nyumbani kwake. Nilimkuta anapepeta mchele uani. Nilimweleza nilichokiona. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia, “Dada, umeuliza maji?”

Sikuwa nimeuliza. Anayeijua Pate anajua kisima cha kule kina ladha gani. Maji ya visima vingi vya kisiwa kile yana chumvi, na maji matamu ya mvua yaliyo kwenye majabia mtu huyatunza kwa ajili ya watoto na chai. Kampeni ilileta vidonge, fimbo ya kupimia urefu ili kujua mtu apewe vidonge vingapi, fulana na spika ya kutangazia mitaani. Haikuleta maji wala vikombe. Siku mbili za mwanzo alibeba dumu lake la lita tano na kikombe chake cha bati. Dumu lilipoisha saa nne asubuhi, aliobaki aliwaomba wameze wakipata maji. Na dawa hizi hazimezwi kwenye tumbo tupu, kwa hiyo waliokuwa hawajala nao waliambiwa wasubiri chakula. Akaweka tiki, kwa sababu vidonge vilikuwa vimeshatoka mkononi mwake na karatasi haikuwa na sehemu nyingine ya kuweka alama. Palikuwa na sehemu ya “amepewa,” ya “hakuwepo” na ya “hastahiki,” basi.

Ningeandika kwamba mhudumu wa Siyu anadanganya, ningekuwa nimempoteza mwanamke hodari na nisingekuwa nimegundua chochote. Kilichokuwa kimevunjika kilikuwa dumu la maji na safu moja iliyokosekana kwenye karatasi.

Kwa wasiokaa pwani, nieleze ugonjwa wenyewe. Matende ni ule mguu unaovimba mpaka ngozi ikawa kama gome la mbuyu, na busha wote tunalijua japo hatulitaji mezani. Yote mawili huletwa na mnyoo mwembamba kama uzi, Wuchereria bancrofti, unaokaa kwenye mishipa ya limfu kwa miaka 6 hadi 8. Mnyoo mkubwa huzaa vijiminyoo visivyoonekana kwa macho, ambavyo mchana hujificha ndani ya mwili na usiku hutoka kwenye damu, vikizidi kabisa karibu na saa sita za usiku, saa ambayo mbu wa vyooni na mitaroni naye yuko kazini. Mbu huvinyonya kwa mmoja na kuvipeleka kwa mwingine. Ndiyo maana zamani waliopima ugonjwa huu walikuwa wakibisha milango ya watu usiku wa manane wakitafuta damu. Siku hizi kuna kijikaratasi cha kupimia kinachotaka tone moja la damu ya kidole, hata saa tano asubuhi, na jibu linatoka baada ya dakika kumi.

Wazee wetu hawakumjua mnyoo huyu lakini mbu walimjua. Katika nyumba za mawe za Amu, birika la maji la msalani lilikuwa likifugwa samaki wadogo ndani yake, na chini kabisa huzikwa bakuli la kaure ili maji yakipungua samaki wapate pa kujificha. Samaki wale walikuwa wakila viluwiluwi vya mbu. Huo ni mradi wa afya ya jamii uliodumu vizazi kwa vizazi bila semina, na tathmini yake mtu aliifanya kila akienda kuoga: samaki wapo au hawapo. Nikiingia nyumba za Mkomani leo nakuta mabirika mengi yamefukiwa na mahali pake pamewekwa tangi la plastiki, na moyo wangu huuma kidogo.

Kampeni za kugawa dawa kwa jamii nzima zilianza pwani yetu mwaka 2002, kule Kilifi, zikawa zinaruka miaka. Dawa zilikuwa mbili, DEC na albendazoli, na zilitakiwa kumezwa kila mwaka kwa miaka isiyopungua mitano na angalau asilimia 65 ya watu wote. Kisha ukaja utafiti wa Papua Guinea Mpya uliotangazwa mwaka 2018: waliopewa dozi moja ya dawa tatu kwa pamoja, yaani zile mbili na ivermektini, asilimia 96 hawakuwa tena na vijiminyoo kwenye damu baada ya mwaka mmoja. Waliopewa dozi moja ya dawa mbili, waliosafika walikuwa asilimia 32. Tofauti hiyo ni kubwa mno. Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshatoa idhini ya dawa tatu mwishoni mwa 2017, na Novemba 2018 Kenya ikazianza katika sehemu mbili: Jomvu kule Mombasa, na Lamu yetu. Badala ya miaka mitano, mizunguko miwili iliyofanywa sawasawa ingetosha.

Nilipolisoma hilo nilifurahi kama aliyepewa habari ya harusi. Nina ami yangu ambaye tangu nimejua dunia havai suruali. Lakini hapo ndipo kazi yangu inapoanzia. Ile asilimia 96 ni ya watu waliomeza mbele ya macho ya madaktari, wakafuatiliwa mmoja mmoja, wakapimwa damu usiku. Dawa haikubadilika ilipofika hapa. Kilichobadilika ni kila kitu kinachoizunguka: mashua, maji kupwa, dumu la lita tano, binti wa miaka kumi na tisa anayefundishwa kazi kwa siku mbili, na mzee anayemwambia aache vidonge juu ya meza.

Jirani zetu wa Kilifi walilipitia hili kwa vyandarua, na kila anayepanga mradi pwani angepaswa kulijua. Katikati ya miaka ya tisini, watafiti wa pale waligawa vyandarua vilivyochovywa dawa katika vijiji vilivyochaguliwa kwa kura, wakalinganisha na vijiji vingine. Vifo vya watoto vilipungua kwa thuluthi. Kwa matokeo ya aina hiyo tu Afrika nzima ingeweza kuamka. Ila chandarua cha wakati ule kilitaka kuchovywa upya kila miezi sita. Wakati wa utafiti timu ilikuwa ikienda milangoni na ndoo za dawa. Utafiti ulipokwisha, watu wakatakiwa wavibebe vyandarua wenyewe hadi kituoni, na baadaye walipie, na waliofika wakapungua vibaya sana. Chandarua kilikuwa kilekile, na mama aliyekuwa akimpenda mwanawe mwaka uliopita alikuwa bado anampenda. Kilichoondoka ni mtu aliyekuwa akibisha hodi na ndoo. Dawa ya tatizo lile haikuwa kuwahubiria kina mama. Walikuja kutengeneza vyandarua ambavyo dawa yake hukaa kwenye nyuzi kwa miaka, na mwaka 2006 serikali ikagawa mamilioni yake bure.

Kwa hiyo mradi unapokua, mimi sitazami tu kama kile kitu kinafanya kazi. Natazama ni mkono wa nani uliokuwa ukikishikilia kilipokuwa kidogo, na kama mkono ule bado upo.

Sasa nije kwenye jambo linaloninyima usingizi, nalo ni hesabu. Chukua watu 100. Kila mwaka 65 wanameza dawa. Kama kila mwaka wale 35 waliokosa ni watu wengine, wamekosa kwa bahati tu, basi baada ya miaka miwili ambao hawajawahi kumeza hata mara moja watakuwa kama 12, na baada ya miaka mitano ni kama watu 5 katika 1,000. Minyoo haina pa kujificha tena. Lakini kama waliokosa mwaka huu ndio haohao waliokosa mwaka jana na mwaka juzi, basi baada ya miaka mitano ni 35 bado. Ripoti za kila mwaka katika hali hizi mbili zitafanana kabisa. Zote zitasema 65, 65, 65, na mkurugenzi atapongezwa. Mbu ndiye atakayejua tofauti.

Nimetembea vya kutosha kuamini kwamba kwetu wanaokosa hawakosi kwa bahati.

Wa kwanza ni wavuvi. Bahari yetu ina msimu wake. Kusi ikivuma, kuanzia mvua za masika mpaka karibu Septemba, maji huchafuka na vyombo vingi hukaa pwani. Kaskazi ikikaribia bahari hutulia, na wanaume wa Kizingitini, Faza, Ndau na Kiwayu huondoka kwenda dago, wakapiga kambi kwenye vijisiwa na fukwe za mbali, wiki kwa wiki, wanazamia kamba na kuvua samaki. Novemba, mwezi unaowapendeza wapangaji kwa sababu boti za dawa hupita salama, ndio mwezi ambao mabaraza ya vijiji vile hubaki na wazee na watoto. Mwaka ukirudi kampeni hurudi majira yaleyale, na wavuvi walewale wako dago. Mke huulizwa, “Mume yupo?” Husema, “Yuko maji.” Mhudumu huandika hakuwepo. Au, na hili nimeliona, huacha vidonge vya mume kwa mke, na tiki inawekwa.

Ukihamisha kampeni kwenda msimu wa kusi, wavuvi utawapata, ila boti ya dawa itapigwa na mawimbi na Mkanda, ule mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, utapitika kwa kuvizia maji kujaa. Silaumu waliochagua Novemba. Nawaomba tu waliochagua waandike wazi ni nani wamemuacha kwa kuchagua vile.

Wa pili ni watu wa nyumba mbili. Familia nyingi za Amu zina shamba bara, upande wa kijiji cha Hindi, na huenda na kurudi kwa jinsi embe na korosho zinavyoita. Mgawaji wa Amu anajua wako shamba. Mgawaji wa Hindi anajua wako Amu.

Wa tatu ni wale dawa iliowaumiza. Hili linanisikitisha kuliko yote. Dawa ikiua vijiminyoo vingi kwa mpigo, mwili hutetemeka: homa, kichwa, viungo, kizunguzungu, na wanaume wengine huumwa na sehemu za siri kwa siku mbili tatu. Asiye na minyoo mara nyingi hahisi kitu. Kwa hiyo anayeumwa sana aghalabu ndiye aliyekuwa nayo mingi, ndiye aliyekuwa akiihitaji dawa zaidi ya jirani yake, na ndiye atakayefunga mlango mwaka unaofuata na kuwaambia wenzake barazani kwamba dawa ile ina mambo. Kama hakuna aliyerudi siku ya pili kumjulia hali na kumweleza kwamba homa ile ilikuwa minyoo inakufa, umempoteza, na pengine umewapoteza wote waliokuwa naye barazani.

Kisha wapo kina mama ambao sheria yenyewe inawatoa. Mjamzito hapewi, na aliyejifungua juzi hapewi, na ndivyo inavyotakiwa. Karatasi huandika “hastahiki” na jambo huishia hapo. Lakini nimekaa na mama mmoja wa Matondoni mwenye watoto watano tukahesabu miaka pamoja kwa vidole. Kila kampeni ilipopita alikuwa na mimba au na kichanga cha siku chache. Hajawahi kumeza hata kidonge kimoja, na hakuna daftari lililowahi kumuona kama tatizo, kwa kuwa kila mwaka alikuwa ameondolewa kwa haki. Alipoona nimenyamaza akaniuliza kama amefanya kosa.

Kuna na wageni: mafundi na vibarua waliokuja na ujenzi wa bandari upande wa bara, wapangaji wa chumba kimoja, vijana wanaolala kwenye mashua. Hawa hawako hata kwenye orodha, na hapa hesabu inaharibika kwa upande wa pili. Asilimia ina waliomeza juu na watu wote chini. Sensa ya 2009 iliikuta Lamu na watu 101,539. Ile ya 2019 ilikuta 143,920. Katikati ya miaka hiyo, anayepanga dawa hufanya kazi kwa makadirio. Tuseme kijiji kimeandikiwa watu 1,000 na waliomeza ni 950. Hiyo ni asilimia 95, na kikao kitapiga makofi. Kumbe watu wenyewe ni 1,400, na asilimia ya kweli haifiki hata 68. Nimeshaona pia karatasi za sehemu zilizotibu zaidi ya asilimia 100 ya watu wake, na hakuna aliyeshtuka.

Tathmini kubwa zina mahali pake. Kuchagua vijiji kwa kura, kuhoji maelfu ya watu, kuwapima watoto wa miaka sita na saba miaka kadhaa baadaye ili kuona kama maambukizi yamekatika: yote hayo ni lazima, kwani bila hayo utasimama mapema. Zanzibar ilifanya mizunguko mizuri mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikasimama, na baadaye ikakuta maambukizi yapo tena, ikabidi dawa zirudi. Lakini tathmini hizo huja kama matokeo ya mtihani, na wakati huo mtihani umeshapita. Bibi wa Siyu hanufaiki na ripoti inayotoka baada ya miezi minane.

Kilichonibadilisha ni jambo dogo ambalo msimamizi mmoja alitufundisha. Kampeni ikiwa bado inaendelea, au wiki ileile imekwisha, chukua eneo la msimamizi mmoja, chagua watu ishirini kwa kura, nyumba tofauti tofauti, uwaulize walipewa na wakameza. Ishirini tu. Hupati asilimia ya kuandika kwenye gazeti, na wala haikukusudiwa hivyo. Unapata kujua leo, kabla ya boti kuondoka na sanduku la dawa, kama eneo hili liko salama au pana pa kurudi, na waliokosa wanakueleza kwa mdomo wao kwa nini. Kazi hii humalizwa kwa siku moja na mtu mmoja mwenye daftari.

Sisi tukaongeza swali ambalo halikuwepo kwenye karatasi: tangu dawa hizi zianze kuja, umewahi kumeza hata mara moja? Wa kwanza kujibu “katu” alikuwa mwalimu wa madrasa, mtu msomi, anayependa watu. Kila mara dawa zilipofika, alikuwa darasani, na mhudumu aliona haya kumkatiza. Alicheka alipojisikia anasema hivyo, kisha hakucheka tena.

Naliweka mbele swali hili kwa sababu mambo yanapanuka kwa kasi. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima, wakapewa mkoba wenye mashine ya presha, kipima sukari, mizani na utepe wa kupimia mkono wa mtoto, na simu ya kuingizia taarifa. Kila mmoja ana nyumba kama 100. Posho iliyowekwa ni shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kaunti. Naufurahia mradi huu kwa dhati, nimeona presha ya wazee ikigunduliwa barazani kabla ya kuwaangusha. Lakini mwanamke yuleyule wa dumu la lita tano sasa anabeba presha, sukari, mimba, chanjo, utapiamlo na matende. Simu inajua amefungua fomu ya nyumba namba hamsini na tatu saa nne na dakika kumi. Haijui kama alikaribishwa mkekani au aliulizia mlangoni. Na anayezitazama namba hizo akiwa mbali ataona mhudumu aliyetembelea nyumba 100 ni bora kuliko aliyetembelea 60, ilhali huenda huyu wa 60 alikuwa akisubiri watu wale, wameze, na asubuhi yake akarudi kuwajulia hali.

Katika mzunguko mmoja, watu ishirini wetu wa Kizingitini walitupa jibu baya. Wanawake karibu wote walikuwa wamemeza. Wanaume wa umri wa kufanya kazi tulipata wawili tu. Sanduku lilikuwa bado lina dawa. Nahodha mmoja mzee akatwambia tusihangaike kungoja, vijana wataingia mwezi ukifika tisa, akimaanisha mwezi wa angani, na wakishashusha kamba na kuuza watalala usiku mmoja tu. Msimamizi wetu akapiga simu tatu, na boti ikaachwa irudi Mokowe bila sisi.

Waliingia alfajiri ile aliyoisema. Tulikuwa tumekwenda pwani na chai kwenye chupa kubwa, mikate ya mofa kwenye pakacha, na madumu manne ya maji matamu ambayo yule mhudumu wa pale aliyatafuta kwa wiki nzima. Walikula kwanza. Kisha wakaja mmoja mmoja kwenye fimbo, wamechoka, macho mekundu kwa chumvi, na kila mmoja tukamuuliza swali letu. Ishirini na sita walisema hawajawahi.

Wa mwisho alikuwa mtu mzima, mrefu, kikoi amekifunga mbele kwa namna ambayo mtu wa pwani huielewa bila kuambiwa. Fimbo ilimpa vidonge vinne vya ivermektini, na vinne vya zile dawa nyingine mbili juu yake. Alivimeza vyote vinane kimoja kimoja, na kila kimoja kwa funda lake la maji, huku mhudumu amemtazama. Nikaweka tiki. Yeye hakuondoka. Alingoja wenzake wasogee kwenye mitumbwi, akainama karibu na sikio langu, akauliza kwa sauti ya chini kama vidonge vile vitalishusha lake.

Nikamwambia ukweli, kwamba vitazuia minyoo aliyonayo isiwafikie wanawe, lakini busha lililokwisha kuwa kubwa halishuki kwa vidonge, linataka upasuaji, na upasuaji wenyewe si mkubwa.

“Na hao wapasuaji waja lini?”

Hojaji haikuwa na mahali pa swali lile. Nikaligeuza ile karatasi nyuma, nikaandika umri wake, kijiji, na maneno yake kama alivyoyasema. Kisha nikamwita kijana aliyekuwa nyuma yake, aliyekuwa amesimama mbali kidogo akijifanya anakunja tanga, nikamuuliza kama na yeye ana la kuuliza.